Kiwanja cha Roza

Siku mabati yalipofika Mbeya, mwezi Juni mwaka 1975, mji mzima ulipata habari kabla lori halijazima injini. Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imeanzia mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi kule Uhindini, ikakunja kona, ikapotelea kwenye ukungu ulioshuka kutoka mlima Loleza. Watu walijikunyata ndani ya makoti, mikono kwapani, wakilindana kwa macho asije mtu akajipenyeza mbele.

Ikupa Andendekisye alikuwa wa kumi na mbili. Alikuwa binti wa Rungwe, miaka ishirini na sita, mrefu kuliko wanaume wengi waliomzunguka, amevaa sweta ya kijani aliyofumiwa na mama yake na kitenge alichokifunga vizuri kiunoni. Kibali cha mabati alichoshika hakikuwa chake. Kilikuwa cha mzee Asukile, kipofu wa Mabatini. Ikupa alifanya kazi Umoja wa Makazi Bora, chama kidogo kilichoanzishwa na makanisa ya mjini ili kuwasaidia watu wasio na wa kuwasemea: wajane, vibarua, wachukuzi wa sokoni. Chama hakikugawa nyumba. Kiliwaonyesha watu namna ya kuomba kiwanja kilichopimwa, namna ya kujaza fomu ya mkopo wa kujengea, na namna ya kuielewa barua kabla ya kuiwekea dole gumba.

Zamu yake ilipofika, muuzaji alikisoma kibali, akamtazama. "Humu mmeandika mwanamume. Wewe ni nani wake?"

"Mshauri wake."

Foleni ikaangua kicheko. Sauti nene ikatoka nyuma: "Dada, mabati yanataka mabega, hayataki ushauri!"

Ikupa akageuka. Aliyesema alikuwa kijana mpana, ovaroli lake lina madoa ya saruji, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi.

"Kama wewe unayo mabega," alimwambia, "basi yalete."

Kicheko kikahamia kwa yule kijana. Naye, kwa kuwa hakuwa na pa kujificha, akatoka kwenye foleni, akaacha nafasi yake ipotee, akajitwisha mabati nusu. Nusu nyingine ilifuata kwenye mkokoteni. Njiani alisema anaitwa Shija, Msukuma wa Usangu. Wazee wake walihama kutoka kaskazini na ng'ombe wao, yeye akiwa mdogo.

"Sasa mbona uko huku kwenye baridi? Ng'ombe umemwachia nani?"

"Ng'ombe na mimi hatukuelewana. Mimi ni fundi mwashi, mama."

"Mama yako nani? Mimi ni Ikupa."

Walipofika kwa mzee Asukile, Shija hakutua mzigo akaenda zake. Aliomba nyundo, akapanda juu, akapiga misumari mpaka jua likaelekea kuzama. Alipomaliza, mzee Asukile aliingia ndani, akainua fimbo yake taratibu mpaka ikagonga bati. Akaligonga tena. Machozi yakamtoka. "Ndaga," alishukuru kwa Kinyakyusa. Shija, ambaye hakuijua lugha ile, aliinamisha kichwa kama mtu aliyeelewa kila kitu. Hapo ndipo Ikupa alipomtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Jumapili iliyofuata Ikupa alimkuta Shija nje ya kanisa, amevaa suruali ya bugaluu ya kahawia, pana miguuni, shati la kola ndefu, na viatu vya raizoni vyenye soli nene.

"Umepanda ngazi?" Ikupa aliuliza.

"Nataka nikufikie. Bado kidogo tu, mpenzi, usiendelee kurefuka."

Walianza hivyo. Jumapili walikunywa chai ya maziwa Uhindini, au walitembea mpaka Iyunga kutazama reli mpya. Shija alikuwa na mzaha mwingi, ila kuna mahali mzaha ulikatika. Ukimuuliza habari za nyumbani alijibu, "Wazima," kisha akageuza mazungumzo. Ikupa alijua tu kwamba kaka yake mkubwa, Ndalahwa, alikufa kwa homa ya mapafu mwaka uliopita.

Mwezi Agosti, Shija alifika ofisini na kuomba fomu ya kiwanja cha Mwanjelwa.

"Unataka kujenga?" Ikupa aliuliza, na moyo ukamruka.

"Ni ya mtu wetu wa nyumbani." Alitabasamu kwa shida. "Nikirudi kutoka Usangu nitakueleza yote, ua langu. Kuna jambo nataka nilimalize kwanza na wazee."

Akasafiri. Baada ya siku mbili fomu ikaletwa kutoka kwa balozi wa nyumba kumi, imejazwa na kupigwa mhuri. Ikupa aliifungua akiwa amesimama. Mwombaji: Shija Budeba. Mke: Roza. Watoto: watatu.

Aliketi. Aliisoma tena pole pole, kama alivyozoea kuwasomea wengine. Mke, Roza. Watoto, watatu.

Kesho yake simu nyeusi ya ofisini ililia. Sauti ya opereta ikasema, "Rujewa, Usangu, kwenye laini. Dakika tatu."

"Ikupa! Unanisikia? Mpenzi wangu, huku ni vita, wazee wamekaza shingo. Lakini—"

"Mkeo hajambo?"

Laini ilikwaruza. "Nani? Sikusikii, sema tena."

"Nimeuliza mkeo hajambo. Na watoto wote watatu."

"Ikupa, ngoja, hiyo—"

"Dakika tatu zimekwisha," alisema opereta, na simu ikafa.

Sasa, kanuni ya chama ilikuwa wazi, na aliyeiandika ni Ikupa mwenyewe: kabla fomu haijapelekwa kwenye kamati ya ugawaji, mshauri aende nyumbani kwa mwombaji, aketi na waliomo, asikie kwa masikio yake. Alikuwa amekwenda kwenye nyumba zaidi ya mia mbili. Kwenye hiyo moja hakwenda. Aliogopa kumwona huyo Roza, uso wake na mikono yake. Ijumaa fomu zote zilipelekwa kwenye kamati. Ya Shija ilibaki kwenye droo, chini ya vitabu vya risiti. Ikupa alijiambia kwamba ina kasoro, kwamba mwongo asubiri. Wiki iliyofuata majina yakasomwa, wenye familia kwanza, na viwanja vyote vikaisha.

Jumatatu asubuhi mwanamke aliingia ofisini, mwembamba, amejifunga kaniki iliyopauka, mtoto mgongoni. Alikaa kwenye ncha ya benchi kama mtu asiyetaka kulichakaza.

"Shikamoo, dada," alisema, ingawa walilingana umri. "Namtafuta Ikupa. Shemeji yangu aliniambia, ukifika kwa Ikupa umefika."

"Ndiye mimi. Shemeji yako nani?"

"Shija. Mimi ni Roza, mjane wa Ndalahwa."

Roza aliendelea kwa sauti ya chini, akimtikisa mtoto.

"Ijumaa nilisimama ukumbini toka asubuhi. Nilisikiliza majina yote, langu sikulisikia, hata la shemeji. Nikasema labda sikusikia vizuri, Kiswahili changu kidogo. Nimekuja niulize."

"Fomu iliandikwa wewe ni mke wa Shija."

"Hiyo ni kazi ya mzee Nkuba, baba yao mdogo. Shemeji alijaza jina langu mimi. Alipoondoka tu, mzee akaenda kwa balozi, akasema mwanamke hajengewi kwa jina lake. Akasema mimi nitarithiwa na Shija, basi niandikwe mke wake." Alimvuta mtoto juu mgongoni. "Shija hataki kunirithi, na mimi sitaki. Yeye kwangu ni mdogo wangu. Ndilo jambo lililompeleka Usangu. Wazee wametuma neno kwamba kama nina nyumba yangu nitaachwa na wanangu. Kama sina, kesho mzee Nkuba ananipakia kwenye lori. Na kama Shija hanitaki, kuna mwingine wa ukoo, mwenye wake wawili."

Mtoto alianza kulia. Roza alimfungua mgongoni, akamnyonyesha palepale, macho yakiwa kwa Ikupa, yanangoja jibu.

Ikupa alivuta droo. Aliitoa fomu, akaiweka mezani.

"Haikwenda," alisema. "Niliificha mimi. Nilidhani wewe ni mke wake, nikaona wivu."

Roza hakupiga kelele. Aliitazama ile karatasi asiyoweza kuisoma, akauliza, "Kwa hiyo ingekwenda, ningepata?"

"Ungepata."

Katika miaka sita ya kazi, hakuna neno lililowahi kuwa zito kinywani mwake kama lile.

Mchana huo alisimama mbele ya mzee Fanueli, mkuu wa ofisi, na wajumbe wawili wa kamati. Alisema yote, hata la wivu. Mzee Fanueli alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Alimpenda Ikupa kama mwanawe.

"Watu wanatuletea maisha yao hapa," alisema hatimaye. "Wanatuletea kwa kuwa hawana pengine pa kupeleka."

"Najua, mzee. Nina kiwanja changu. Namba mia moja na kumi na saba, Mwanjelwa. Niliomba miaka mitatu kama wengine, na jina langu limesomwa Ijumaa. Barua bado haijatiwa sahihi. Naomba iandikwe Roza."

"Binti, hutapata kingine karibuni."

"Iandikwe Roza. Jina lake peke yake."

Wajumbe walitazamana. Wakakubali. Kisha mzee Fanueli akamwambia kwamba hawezi kuendelea kuwashauri watu wa Mbeya. Chama kilikuwa kinafungua chumba cha kazi Iringa, mtaa wa Mlandege. Angekwenda huko, chini ya mtu mwingine, aanze upya. Ikupa alishukuru. Alikuwa ametarajia kufukuzwa.

Jumanne alikwenda Mwanjelwa na barua mkononi. Lori lilikuwa limesimama mbele ya chumba alichopanga Roza. Masufuria na mkeka vilikuwa tayari juu yake. Mzee Nkuba, mtu mzima wa koti refu, fimbo mkononi, alikuwa akimhimiza dereva. Shija, aliyefika asubuhi hiyo kutoka Usangu, amejaa vumbi, alikuwa amesimama mlangoni amewakinga watoto. Alipomwona Ikupa, uso ulimfunguka.

Ikupa hakumwendea. Alimwamkia mzee Nkuba kwa heshima, akapiga goti, kisha akainuka na kumpa Roza barua, akaisoma kwa sauti wote wasikie: kiwanja namba mia moja na kumi na saba, mmiliki Roza, mjane, na watoto wake.

Mzee Nkuba aliomba aone. Aliigeuza geuza. "Mhuri wa serikali huu?"

"Ndiyo, baba."

"Tulisema akiwa na nyumba," mzee alinung'unika. Alikuwa mkaidi lakini si mwongo. "Tulisema." Akamwashiria dereva ashushe mkeka.

Kisha Ikupa akamgeukia Shija, akamweleza palepale, mbele ya watu wale wale, kwa nini jina la Roza halikusomwa Ijumaa. Mtoto mkubwa wa Roza, Mbuke, alikuwa amekumbatia sufuria.

"Ungeniuliza tu, Ikupa," Shija alisema.

"Ndiyo."

"Hatua mia tatu kutoka ofisini kwako. Ungekuja, ungemkuta anapika."

"Ndiyo."

Shija alimtazama kidogo, akageuka, akapanda kwenye lori kushusha mizigo. Hakushuka mpaka Ikupa alipoondoka.

Iringa ilimpokea kwa upepo na mawe makubwa juu ya vilima. Alipanga chumba kimoja Mlandege. Ofisini aliketi na watu wa Kalenga waliohamia mjini, wachuuzi wa vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni, wanawake waliotaka kujua kama jina lao linaweza kuandikwa pamoja na la mume. Hakuna nyumba aliyoacha kwenda. Mvua ikinyesha alikwenda, akiumwa alikwenda. Wenzake walimwona mkimya. Alimwandikia Shija barua mbili, ya tatu akaichana. Hakujibiwa. Krismasi ikapita.

Mwezi Machi simu ililia. "Mbeya kwenye laini."

"Ikupa." Sauti nene, haina mzaha. "Nyumba ya Roza imekwisha. Tumeezeka jana."

Opereta aliuliza kama bado wanaongea.

"Tunaongea," Shija alisema. "Jumamosi napanda basi. Nataka nikuone."

Alikuja na bugaluu ile ile, imepauka magotini, viatu vya kazi miguuni. Waliketi kwenye benchi la nje, mahali wateja walipokuwa wakingojea siku za kazi. Ikupa alikuwa amevaa gauni jeupe la kola, mikono ameifumba mapajani.

"Barua zako nilizisoma," Shija alisema. "Nilikuwa na hasira, sikuweza kujibu. Kila tofali nililopanga pale nilikuwa nagombana na wewe. Roza akaniambia, wewe shemeji, nyumba unayojenga iko juu ya kiwanja cha nani? Nikaweka mwiko chini. Nimekuja unioe. Yaani, nimekuja nikuoe."

Kicheko kilimponyoka Ikupa, kikafa haraka. "Kwanza ziseme hasira zako zote. Usibakize hata moja, Shija. Sitaki kuja kuzisikia tukiwa na watoto."

Naye akazisema. Alisema jinsi alivyodhalilika mbele ya baba yake mdogo, jinsi alivyomsifu Ikupa kwa Roza, jinsi simu ilivyokatika Rujewa akabaki ameshika mkono wa simu kama mjinga. Alisema pia lake mwenyewe: kwamba alimficha habari za Roza kwa aibu ya mila, akitaka aonekane mtu asiye na mizigo. Ikupa alisikiliza bila kujitetea. Ilichukua muda. Watu wa sokoni walipita na vikapu, wakawasalimia, nao wawili wakaitikia.

"Zimekwisha?"

"Zimekwisha. Sina kiwanja, na wewe huna. Nina mwiko na pimamaji tu."

"Baba yangu yuko Rungwe," Ikupa alisema. "Huwa hapokei mtu aliyekuja peke yake. Njoo na watu wako. Mzee Nkuba aje, tukosane tupatane."

"Atakuja. Na nani mwingine?"

Ikupa alimshika mkono, mgumu, wenye nyufa za saruji.

"Roza," alisema. "Nataka yeye ndiye aniombe kwa baba."