Barua ya Alhamisi

"Kitendawili."

"Tega."

"Nilimtuma mjumbe Alhamisi. Akafika. Akalala uvunguni mwa kitanda. Mwenye nyumba anaapa hajamwona."

Dilruba Sikdar alibana breki za Yamaha yake katikati ya foleni ya Tejgaon. Riksho ikamkwangua ubavuni na dereva wake akamtukania ukoo mzima. Hakugeuka. Sauti ilitoka ndani ya kipuli cha sikio la kushoto, na Dhaka nzima ni watu wawili tu waliojua kwamba kipuli kile ni redio.

"Barua," alisema.

"Barua pepe, Mdiria. Sitini na nne."

Mdiria ni yule ndege mvuvi, hukaa kimya juu ya maji, kisha hushuka mara moja tu. Kanali Wadud, mwenye sauti ile na jina la redioni Kiota, alimpa Dilruba jina hilo miaka ishirini iliyopita, na samaki walioponyoka wanahesabika kwa kidole kimoja.

"Sema, Kiota."

"Dawa ya sumu ya nyoka, toleo namba 47. Imeingizwa nchini kwa magendo na kubandikwa lebo halali. Ndani ni maji ya chumvi. Wavuna mpunga watatu wamekufa nayo wiki iliyopita. Alhamisi mkurugenzi wa Bohari ya Dawa alisaini amri kwamba toleo 47 lisitumike popote. Ikatumwa kwa barua pepe kwenye hospitali zote."

"Na?"

"Leo Jumapili, siku ya kwanza ya kazi. Hakuna hata moja iliyoipata. Tumewapigia simu. Wanasema bila barua rasmi hawawezi kutupa mali ya serikali. Tumewatumia picha ya karatasi. Wanasema picha ya simu si barua."

Damu ilimpanda Dilruba mpaka masikioni. Watu watatu wako kaburini, na hawa wanadai karatasi.

"Kuna mkono ndani ya Bohari," Kanali alisema. "Ukate."

Redio ikanyamaza. Saa yake ya Casio ilisoma saa sita na dakika hamsini mchana.

Akakanyaga gia.

*

Chumba cha msimamizi wa barua pepe wa Bohari kilikuwa chini ya ngazi, pamoja na mifagio. Kiyoyozi kilidondosha maji ndani ya ndoo. Liton Gomes, kijana wa miaka thelathini na tatu, shati limemganda mgongoni, hakuinua hata macho.

"Kama umeleta printa, weka pale."

"Nimeleta hiki."

Liton alikitazama kitambulisho cha Idara ya Ujasusi. Akacheka kicheko kikavu. "Mmechelewa siku tatu, dada."

Akageuza kioo cha kompyuta. "Soma. Mtu ametega kanuni ndani ya mfumo. Barua yoyote yenye maneno 'toleo 47' au 'sumu ya nyoka', ikitoka au ikiingia, iwekwe alama kwamba imeshasomwa, halafu ihamishiwe folda hii. Tangu niajiriwe sijaona binadamu akiifungua. Barua za Alhamisi zimo humu zote. Zilifika, zikazikwa."

"Iondoe hiyo kanuni."

"Kwa mkono upi? Alhamisi jioni nilivuliwa madaraka yote ya mfumo. Amri ilitoka kwenye akaunti ya mkurugenzi mwenyewe. Nikamwendea. Akaniambia, Gomes, usinichoshe, andika kwenye jarida lako."

"Jarida gani?"

Liton alivuta droo na kutoa rundo la karatasi. *Habari na Ushauri kwa Wasimamizi wa Barua Pepe.* Kila Jumapili aliliandika, kila Jumapili lilikwenda hospitali zote sitini na nne, na nakala kwa mkurugenzi.

"Machi niliandika: simu ikikuuliza kama ni wewe unayeingia, na wewe huingii popote, bonyeza HAPANA. Aprili: kagueni kanuni zilizotegwa kwenye masanduku ya wakubwa. Mei nikarudia yote mawili kwa wino mwekundu."

"Wangapi hulifungua?"

"Wawili. Mmoja ni mimi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Dilruba aliyakunja majarida yale na kuyatia ndani ya koti. Alitaka kumpiga nayo mtu usoni. Hakujua bado ni nani.

*

Mkurugenzi, Bwana Mofazzal Haider, alikuwa akivua soksi ajiandae kwa sala ya adhuhuri. Chini ya kioo cha meza yake palikuwa na picha ya mjukuu, ratiba ya treni, na kikaratasi chenye neno lake la siri kwa herufi kubwa.

"Mimi sijamruhusu mtu yeyote kuingia," alisema. "Nitamruhusu vipi? Saa zote niko kazini au niko kwa Mungu."

"Na simu yako, ukiwa kwa Mungu?"

"Anaishika Kuddus."

Mzee Kuddus alisimama mlangoni na shavu limejaa tambuu. Miaka thelathini na moja alikuwa amekaa kwenye kiti cha nje ya mlango ule. Mikononi alishika sinia, na juu ya sinia, kama vikombe vya chai, zilipangwa simu za wakubwa wanaokwenda kusali.

Dilruba alishusha sauti. "Mzee wangu, simu ya mkubwa hulia wakati wa sala?"

"Hutetemeka, mama. Kila siku. Inauliza, ni wewe?"

"Unafanyaje?"

"Nabonyeza NDIYO. Ikibonyezwa HAPANA inauliza tena, inatetemeka tena, na mkubwa alishasema asisumbuliwe akiwa kwenye sijda."

Mlinzi gani hufungua mlango kwa kuwa hodi imemkera? Ndiye huyo, na sinia lake.

"Mpumbavu wewe," mkurugenzi alifoka. "Umeniingizia wezi nyumbani."

Dilruba alimgeukia polepole. "Yeye mpumbavu? Neno la siri limelala chini ya kioo chako. Simu umeitupa kwenye sinia. Fundi wako anaandika ushauri kila wiki, anafungiwa na mifagio. Mzee huyu umemfundisha neno moja tu kwa miaka thelathini na moja, nalo ni ndiyo. Leo unamlaumu kwa kulisema?"

Mkurugenzi alikifunika kioo cha meza kwa faili.

Simu moja kwenye sinia ikaanza kulia. Dilruba akaitwaa.

"Bohari? Huyu ni Daktari Lutfa, hospitali ya Kanpara, kisiwani." Mwanamke alihema kama aliyepanda ngazi. "Nina mvunaji hapa, jina lake Moyna. Ameng'atwa saa tano. Fizi zimeanza kutoka damu. Stoo yangu ina toleo 47 tupu, na nimesikia minong'ono kuhusu hilo toleo. Hospitali ya ng'ambo ya mto ina dawa ya zamani, nzuri. Mtunza stoo wao ananiambia, una dawa kwenye daftari lako, tumia yako."

"Akipata barua kwamba yako ni batili?"

"Anaitoa papo hapo. Boti ni dakika arobaini. Lakini baada ya saa kumi sitakuwa na mgonjwa wa kumpa."

"Usimchome hiyo 47. Andika namba yangu," Dilruba alisema, akaitaja.

"Wewe nani?"

"Mtu aliyekasirika," Dilruba alisema, akakata.

*

Saa saba na nusu. Adhana ya ofisini ikatoka kwenye spika ya korido. Viatu vikapangwa. Simu zikajaa siniani.

Dilruba alikaa kwenye kiti cha Kuddus, simu ya mkurugenzi mapajani, bastola ya Walther chini ya mtandio. Chini ya ngazi Liton alikuwa na kidude cha redio sikioni.

"Seva ya barua wamenipora," Liton alinong'ona. "Ila nyaya za jengo bado ni zangu. Akiingia kutokea humu ndani, nitaona chumba."

"Kwa nini arudi kila siku?"

"Mfumo humtoa baada ya saa ishirini na nne. Na lazima arudi kufuta maswali ya hospitali."

Simu ikatetemeka.

*Je, ni wewe unayeingia?*

"Imekuja," alisema.

"Kataa, dada."

"Nakubali. Wewe tazama nyaya zako."

NDIYO.

Sekunde nne. Tano. Imamu alisema Allahu Akbar nyuma ya ukuta.

"Ghorofa ya tatu," Liton alisema. "Chumba mia tatu na saba. Naibu mkurugenzi wa ununuzi, Hasib Talukdar."

Dilruba alimtazama Kuddus. "Bwana Hasib Talukdar hasali?"

"Tumbo humuuma kila adhuhuri," mzee alisema. "Hata dua nimemwombea."

Dilruba alipanda ngazi tatu tatu.

Nje ya mia tatu na saba alisimama pande la mtu, mkono ndani ya koti. Hakuwahi kuutoa. Dilruba alimpiga goti la tumbo, kitako cha Walther kikamalizia nyuma ya sikio. Pande likalala kwenye zulia kama gunia la vitunguu.

Mlango. Teke.

Hasib Talukdar alikuwa wima mbele ya laptopu, kanzu nyeupe, marashi mpaka koridoni. Sauti ya kigeni ilikuwa ikiuliza kitu kwenye spika. Mezani palilala pasipoti na tiketi ya ndege ya jioni.

"Mikono."

Aliinyanyua kweli. Ila pamoja na laptopu. Ikapita dirishani, ikazunguka hewani, ikazama katika bwawa la kijani nyuma ya Bohari. Simu ikaifuata.

Dilruba alimbana ukutani, pingu zikalia. "Neno jipya la siri."

"Liko bwawani. Kaogelee."

"Kuna mwanamke anakufa Kanpara."

Hasib alishusha pumzi kama mtu anayeelezwa habari za mvua. "Wale ni wavuna mpunga, dada. Nyoka, mafuriko, homa. Hata bila mimi wangekufa."

Dilruba alimpiga kofi moja. Halikuwa la Idara. Lilikuwa lake mwenyewe.

"Kiota, mkono umekatwa," alisema redioni. "Njooni mchukue mzigo. Ghorofa ya tatu, wawili."

"Safi, Mdiria. Na barua?"

Dilruba alikuwa tayari anashuka ngazi.

*

Saa nane na dakika tano.

"Amebadilisha kila kitu kabla hujaingia," Liton alisema. Vidole vilipiga kibodi bure. "Nimewapigia makao makuu. Wanarudisha madaraka yangu kesho asubuhi."

"Kesho ni mazishi. Jarida lako linatoka kwa njia gani?"

"Kwa hii." Alipapasa kompyuta ya Dell kuukuu iliyofungwa na kamba. "Wezi hawakuigusa. Nani angejisumbua? Lakini nikiandika 'toleo 47' ndani yake, kanuni itaizika vilevile. Inasoma kila neno."

"Inasoma picha?"

Liton aliondoa vidole kwenye kibodi. "Picha haisomi. Karatasi ikipigwa picha na mashine ya ofisi, kwake ni rangi tu. Na ikitoka kwenye anwani ya Bohari, ikaingia kwenye sanduku la hospitali, hiyo ni barua rasmi. Lakini tunahitaji karatasi yenye saini na muhuri."

Mzee Kuddus alikohoa mlangoni. Chini ya kwapa alibana faili la kijani.

"Ile ya Alhamisi ninayo mimi. Kila barua ya mkubwa naichapisha, naipa namba, naifungia kamba. Waliniambia kompyuta imekuja, niache. Sikuacha."

Muhuri mwekundu. Saini ya wino wa kijani. Dilruba aliweka karatasi kwenye mashine, mwanga ukapita chini yake.

"Haya, tuma."

Liton hakubonyeza. "Dada, ni jarida langu. Wanaofungua ni wawili. Tutaituma, italala mpaka Idi."

Ndoo ilipokea tone. Na jingine.

Dilruba aliona hasira zikimzunguka na kukosa pa kutua. Vyote vilikuwapo, mtu, karatasi, njia. Kilichokosekana ni macho ya watu wavivu sitini na nne.

"Kuna barua moja," Kuddus alisema, akihamisha tambuu shavu la pili, "ambayo hapa watu huifungua bila kuambiwa. Hata aliye msalani huifungua huko huko."

"Ipi, mzee?"

"Orodha ya uhamisho."

Liton alimtazama Dilruba. Dilruba akamtazama Liton.

Kila mtumishi wa serikali, kuanzia Teknaf kusini mpaka Tetulia kaskazini, hulala na hofu hiyo chini ya mto: kwamba kesho jina lake litatokea kwenye orodha na atapelekwa mahali ambapo hata chumvi ni ya kusafiria.

"Andika," Dilruba alisema.

Liton akaandika kichwa cha barua: *Orodha ya Uhamisho wa Watumishi. Utekelezaji ni leo.* Akaambatisha karatasi. Akabonyeza.

Saa nane na dakika ishirini.

Kaunta ya waliofungua ilisoma sifuri.

Kisha tatu.

Kumi na moja.

"Mama yangu," Liton alisema taratibu. "Miaka miwili nimeandika mpaka vidole vikaota sugu."

Thelathini na nane. Hamsini na mbili. Ilipotimia dakika ya nne, sitini na mbili zilikuwa wazi. Simu zikaanza kulia ghorofa zote, moja juu ya nyingine, watu wakitukana, wakiuliza, wakisikia jibu, wakinyamaza ghafla.

Simu ya Dilruba ililia saa nane na nusu.

"Mtunza stoo wa ng'ambo kanipigia mwenyewe," Daktari Lutfa alisema. "Alikuwa anatafuta jina lake. Akakuta amri. Vichupa kumi viko kwenye boti."

"Nasubiri hewani."

Alisubiri. Kuddus alimletea chai, hakuinywa. Liton alizipigia simu hospitali mbili zilizobaki, akazisomea barua neno kwa neno mpaka nazo zikafungua masanduku yao.

Saa tisa na robo sauti ikarudi.

"Dripu inaingia. Ametapika, kaomba maji, sasa anamtukana nesi kwa kumkatia mkono wa gauni."

"Amtukane," Dilruba alisema. "Ana haki."

Alimkabidhi Liton rundo lake la majarida. Akamwinamia Mzee Kuddus, akagusa miguu yake kama mtoto anavyofanya kwa baba, akatoka nje kwenye jua.

Hasib Talukdar alikuwa akiingizwa kwenye gari lisilo na namba. Dilruba hakumtazama. Alikuwa anavaa helmeti aliposikia viatu vikiburuzwa mbio uani.

Alikuwa mkurugenzi. Kofia ya sala upande, simu juu mkononi, jasho linachuruzika mpaka ndevuni.

"Nani kaitoa hii orodha? Mimi wamenipeleka wapi?"

"Umeisoma?"

"Nimeona kichwa tu, nikakimbia."

Dilruba aliwasha Yamaha.

"Alhamisi uliisaini," alisema. "Leo rudi ndani uisome."

Akashusha kioo cha helmeti, akaingia kwenye foleni.