Picha Alizomtumia Odane

"Odane, niambie ukweli. Alhamisi meli inakuja au haiji?"

Shernette alikuwa amesimama kwenye lango la gati la Carrick Bay, simu kaibana kati ya sikio na bega, mkononi kashika ubao wenye orodha ya mabasi yasiyo na mtu wa kubeba.

"Haiji, mpenzi," Odane akajibu kutoka Miami. "Wamebadilisha tena. Abiria watapelekwa bandari nyingine, Cozumel, halafu siku moja ya ziada baharini."

"Tena? Juzi ulisema ni hiyo moja tu."

"Baada ya kimbunga ndivyo inavyokuwa, Shen. Ofisi inaahirisha wiki mbili, ikiisha inaahirisha nyingine mbili. Unadhani mimi napenda?"

"Lakini gati limepona! Wazamiaji wamekagua nguzo zote chini ya maji, hakuna hata moja yenye ufa. Ripoti nimekutumia, video nimekutumia."

"Nimeziona. Nimempelekea bosi kwa mkono wangu. Niamini basi."

"Nakuamini."

"Na lile neno jingine?"

"Nakupenda, mjinga wewe. Haya, kafanye kazi."

Akakata simu huku anacheka peke yake.

Odane Lumsden alikuwa mtoto wa Carrick Bay, amezaliwa mtaa wa nyuma ya soko la mafundi wa vinyago. Alisomea utalii Kingston, akaajiriwa na Azurana, kampuni ya meli za kitalii, na sasa alikuwa kwenye ofisi inayopanga meli gani itie nanga wapi na siku gani. Shernette Dacres yeye kazi yake ilikuwa pale langoni: abiria wakishuka, anawagawa, hawa basi la maporomoko, hawa basi la mtoni, wewe babu kofia yako imeanguka. Walikutana Odane alipokuja kukagua gati akasimama katikati ya njia ya mabasi, Shernette akamfokea mbele ya wakubwa zake. Jioni yake akarudi kuomba radhi, na namba. Ilikuwa miaka minne sasa. Ndoa ilipangwa Pasaka.

Kimbunga kilipiga mwisho wa Oktoba. Siku mbili mji mzima haukuwa na mtandao. Siku ya tatu Shernette akapanda kilima cha kanisani, simu ikashika, na ujumbe wa kwanza kuingia ulikuwa wa Odane:

"Mama yuko hai? Nijibu tafadhali. Sijalala."

Akateremka mbio hadi kwa Mama Icilda, mama yake Odane. Paa lilikuwa limekwenda. Bibi wa watu, mwaka wa sabini na moja huo, ameketi kwenye kigoda katikati ya jiko lililo wazi juu, gauni la kulalia limelowa, miguu ndani ya tope, nywele nyeupe hazina kitambaa.

"Mama, nikupige picha moja nimtumie Odane aone uko hai."

"Hivi nilivyo? Sijavaa, mwanangu!"

"Ni ya Odane peke yake, Mama. Hakuna mwingine atakayeiona."

Mama Icilda akanyoosha gauni kwenye magoti, akaiangalia simu bila kutabasamu.

Odane alipoipata, alipiga simu akilia kwa sauti. Halafu akaandika: "Nitumie na gati, na soko, na barabara. Nitumie zote, Shen. Nataka nilie na watu wangu."

Akamtumia picha arobaini na kitu.

Baada ya hapo mji ulifanya kazi usiyoiona kila siku. Wanaume walitoa miti barabarani kwa mapanga kabla serikali haijaleta mashine. Matairi makubwa yanayozuia meli isigonge gati yakabadilishwa. Wanawake wa soko wakapaka rangi vibanda vyao wenyewe, njano na kijani, huku nyumba zao bado zimefunikwa maturubai. Kila hatua Shernette alipiga picha, kila picha akamtumia Odane. Naye alijibu kwa alama ya moyo mwekundu.

Katikati ya Desemba, meli ya kampuni nyingine ikaja. Ikafunga kamba vizuri kabisa, abiria elfu mbili wakashuka, wakala kuku wa kuchoma, wakanunua kofia za ukindu, wakaondoka. Hakuna aliyeteleza hata kwenye ngazi.

Claudette, muuza kofia mwenye mdomo mkubwa kuliko wote sokoni, akamfuata Shernette langoni.

"Shoga, nikuulize kitu. Hii meli iliyokuja, nahodha wake kipofu?"

"Kwa nini?"

"Maana yeye gati kaliona. Za mumeo ndiyo hazilioni. Jana nimeiona moja ya Azurana inapita kule mbali, nyeupee, kama inatukimbia. Nikaipungia na mkono."

"Wana taratibu zao, Claudette. Odane analishughulikia."

"Odane analishughulikia," Claudette akaigiza sauti yake. "Miezi miwili analishughulikia. Muulize analishughulikia gati au anakushughulikia wewe."

Shernette alicheka, lakini neno lilimkaa. Mchana ule akampigia Odane. Hakupokea. Akaandika: "Meli ya wenzenu imekuja na imeondoka salama. Ya kwenu tatizo nini?"

Jibu likaja: "Niko kikaoni. Nitakupigia."

Alipiga kesho yake, akazungumzia kumbi za harusi.

Januari, meya akatangaza kwamba wajumbe wa Azurana watakuja kuzungumza na wenyeji, Ijumaa, kwenye ukumbi wa kanisa. Shernette akamuuliza Odane kama naye yumo.

"Sidhani, mpenzi. Hao ni wakubwa. Mimi nani?"

Ijumaa saa nne asubuhi, gari jeupe likasimama mlangoni mwa ukumbi. Akashuka mama mmoja wa Kimarekani, Bi Halloran, mkuu wa bandari zote za kampuni. Na nyuma yake, katika suti ya kijivu ambayo Shernette hakuwahi kuiona, akashuka Odane.

Macho yao yakagongana. Odane akatazama viatu vyake.

"Ulisema huji," Shernette akamwambia kwa sauti ya chini alipopita.

"Ilibadilika dakika za mwisho. Tutaongea baadaye. Tafadhali, Shen, usiseme kitu humu ndani."

"Niseme nini?"

Odane akaenda kuunganisha kompyuta.

Ukumbi ulijaa. Mama Icilda alikaa mstari wa mbele na gauni lake la Jumapili na kofia yenye ua, kila mtu anampa hongera kwamba mwanawe karudi kama mkubwa. Bi Halloran akaanza taratibu. Kampuni inaipenda Carrick Bay. Kampuni ilileta maji ya kunywa na maturubai baada ya kimbunga. Watu wakapiga makofi. Halafu akashusha pumzi.

"Kwa masikitiko, tumeamua kuiondoa Carrick Bay kwenye ratiba zetu kwa misimu miwili. Meli zetu zitatumia ufukwe wa kampuni yenyewe, Bahamas. Hatuwezi kuhatarisha abiria. Naomba mtazame hali ya bandari ilivyokuwa Desemba."

Picha ya kwanza ikatokea ukutani. Gati limefunikwa mbao na mabati. Ya pili, soko limelala chini. Ya tatu, barabara imekatika. Juu ya kila moja imeandikwa: Desemba.

Shernette alizijua picha zile. Kwenye ile ya soko kidole chake kilionekana pembeni, kwa sababu siku ile alipiga huku analia.

Picha ya nne ilikuwa ya Mama Icilda.

Ukubwa wa ukuta mzima. Gauni la kulalia, tope, nywele wazi. Chini yake: Wenyeji bado hawana makazi.

Mama Icilda akanyanyuka polepole, akaishika kofia yake kama anayehakikisha bado ipo kichwani.

"Huyo ni mimi," akasema.

"Mama, kaa," Odane akanong'ona.

"Huyo ni mimi sijavaa, mbele ya mchungaji wangu. Nani kakupa hii, Odane?"

Odane akafungua mdomo. Akaangalia huku na huku, kisha akasema neno ambalo Shernette hakulisahau tena maishani:

"Sikuipiga mimi, Mama. Aliipiga Shernette."

Bibi akageuka. "Wewe?"

"Mimi, Mama," Shernette akasema, machozi yamekwishafika. "Nilikwambia ni ya Odane peke yake. Nisamehe. Niliamini hivyo."

Halafu akafuta uso kwa kiganja, akasogea mbele akiwa na simu.

"Bi Halloran, picha hizi si za Desemba. Nimezipiga mimi, siku ya tatu baada ya kimbunga. Tarehe hizi hapa. Na hii hapa ni video ya gati tarehe ishirini Novemba. Hii ripoti ya wazamiaji. Vyote nilimtumia afisa wako huyu. Sikiliza alichonijibu." Akasoma: "'Nimezipata, mpenzi. Kazi nzuri. Nampelekea bosi leo hii.' Ulipelekewa?"

Bi Halloran akamtazama Odane. "Odane?"

Odane akarekebisha tai yake.

"Mimi nilipewa hizi," Bi Halloran akasema, akionyesha ukutani. "Tuliziamini kwa sababu zimetoka kwa mtu wa hapa."

"Basi sasa umeona na nyingine," Claudette akadakia kutoka nyuma. "Rudisheni meli!"

Ukumbi ukalipuka. Bi Halloran akainua mkono, akasubiri, na aliposema sauti yake haikuwa na ubaya wala huruma.

"Nitalichunguza hili ndani ya kampuni, nawaahidi. Lakini ratiba za misimu miwili zimekwishatangazwa. Abiria wamekata tiketi za kwenda Bahamas. Hilo siwezi kulirudisha leo."

Odane alimkuta Shernette nje, kwenye ukuta wa kanisa.

"Nisikilize dakika moja tu."

"Ongea."

"Hata bila picha zangu wangeondoka. Ufukwe ule waliutaka kabla ya kimbunga. Abiria akishuka hapa ananunua kofia kwa Claudette. Akishuka kule, kila kitu ananunua kwao. Walikuwa wanatafuta sababu tu."

"Na wewe ukawapa."

"Kama si mimi angewapa mwingine! Mimi angalau nilipata cheo. Naibu mkuu wa bandari, Shen. Nyumba Fort Lauderdale, vyumba vitatu, kimoja cha Mama. Nilitaka nikutoe hapa. Nikutoe kwenye jua la hilo lango!"

"Nani alikwambia nataka kutoka?"

"Unataka kuzeeka unapiga kelele 'basi la mtoni huku'?"

"Hiyo kazi uliyonikuta nayo ndiyo uliyonipendea. Au ulinidanganya tangu siku ile?"

"Sikukudanganya kukupenda. Haki ya Mungu."

"Nilikuwa nakutumia picha nikilia, Odane. Nilidhani unalia na mimi. Kumbe unachagua."

Odane akajaribu kumshika mkono. Shernette akaurudisha nyuma.

"Ungeniambia," akasema Shernette. "Ungeniambia tu, 'Shen, wameamua kuondoka.' Ningelia siku moja, ningekupikia, tungeoana. Lakini ulipoulizwa na mama yako, ukanitaja mimi. Nenda. Gari lako linakusubiri."

"Na harusi?"

"Harusi gani?"

Mwezi ule vibanda kumi na kimoja vya sokoni vikafungwa. Madereva watatu wakahamia Montego Bay. Meli ya ile kampuni nyingine iliendelea kuja, mara moja kwa wiki mbili, na Shernette akafanya kazi nusu ya siku zake. Wapo waliomnyooshea kidole: picha zilitoka kwake. Claudette pekee ndiye aliyewatukana kwa niaba yake. Kwa Azurana, walisikia Odane kahamishwa idara. Hakufukuzwa.

Shernette alikwenda kwa Mama Icilda kila Jumapili, wakala samaki wa chumvi na shelisheli la kuchoma, hawamtaji mtu. Hadi asubuhi ya Jumapili moja ya Machi alikuta sanduku limefungwa mlangoni.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Miami. Ametuma tiketi."

Shernette akakaa.

"Yule aliyekuanika ukutani?"

"Yule yule."

"Na umemsamehe?"

"Sijamsamehe. Nikifika nitamwambia maneno ambayo hajawahi kuyasikia." Bibi akavuta kiti, akakaa karibu naye goti kwa goti. "Lakini ni mwanangu, Shernette. Wewe unaweza kumwacha, na umefanya vizuri. Mimi nitamwachia nani?"

"Na mimi je, Mama?"

Mama Icilda akamshika uso kwa mikono yote miwili, akauangalia kwa muda mrefu. Teksi ikapiga honi. Shernette akambebea sanduku hadi barabarani, akamfungia mlango, akasimama hadi gari lilipokata kona ya kituo cha polisi.

Saa kumi alasiri ujumbe ukaingia kwenye simu. Namba aliijua kwa moyo.

"Mama amefika salama. Asante kwa kumsindikiza. Bado nakupenda, Shen. Kila siku."

Aliusoma akiwa bado amekaa kwenye ngazi ya nyumba isiyo na mwenyewe. Akausoma tena. Kwa nukta moja moyo wake uliruka kwa furaha, kama zamani, kama hakuna kilichotokea, na hapo ndipo alipolia kwa sauti, kwa hasira ya kujigundua bado anampenda.

Alipomaliza, akaifuta namba. Akafunga dirisha la jiko la Mama Icilda, akaufunga na mlango, na ufunguo akampelekea jirani.