Unga Unapoumuka, Mzee Chachu Husoma

Ukipita karibu na bekari ile asubuhi, harufu ya mkate moto inakuvuta mpaka dirishani. Ndani kuna meza ndefu ya mbao, tanuri la matofali, na mwenye tanuri lake, mwoka mikate, nyusi zimejaa unga. Watu humwita Mzee Chachu kwa sababu ya kopo lake la chachu iliyo hai, ile inayoumua mkate. Kopo hilo haliguswi na mtu. Hata mkewe, anayeuza mikate pale dirishani, huomba ruhusa kabla ya kulisogeza.

Mzee Chachu ana binti, kitindamimba wake. Tangu mdogo wakamwita Chiriku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa akikaa juu ya gunia la unga na kuuliza maswali, baba anakanda huku anajibu. Ilikuwa raha tupu! Siku hizi Chiriku ni muuguzi katika mji wa mbali. Kila Jumapili jioni hupiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mama je?"

"Hajambo. Kazi?"

"Inaendelea. Na mikate?"

"Inaiva."

Halafu kimya. Kila mmoja anasikia pumzi za mwenzake. Mwisho Chiriku anasema, "Haya baba, tutaongea," na simu inakatika. Mzee Chachu hubaki ameishika ile simu, moyo unamuuma. Watu waliokuwa wakipiga soga mchana kutwa, leo wamekosa la kusema!

Chiriku naye ilimuuma. Ndipo akamtumia baba yake kifaa cha kusomea vitabu. Ni kibao chembamba, hakizidi kiganja kilichokunjuliwa, na ndani yake mnaingia vitabu kabati zima.

"Nimekuwekea riwaya ninayoipenda kuliko zote," alisema. "Soma, baba, tupate la kuzungumza."

Mzee Chachu alifurahi kama nini! Ila aliwaza kwa akili ya tanuri. Tanuri huwa haliwashi kwa ajili ya mkate mmoja, kuni zitateketea bure. Anajaza trei zote kwanza, kisha anaoka kwa mpigo mmoja. Basi na kusoma akakupanga vivyo hivyo. Kibao akakifunga kwenye taulo, akakitia kabatini, akawa anangoja Jumapili ili asome mchana kutwa.

Jumapili ikifika, anakula, anaoga, anavaa miwani, anajitupa kwenye kochi. Herufi ni ndogo, macho yanamtoka. Kabla hajafungua ukurasa wa tatu, kidevu kiko kifuani na anakoroma. Jumapili inayofuata amekwisha sahau nani ni nani, maana riwaya yenyewe ilikuwa ya ukoo wa matajiri, na kila ukurasa una mjomba mpya. Anaanza upya. Mwisho wake ukurasa wa kwanza akaujua kwa kichwa, na wa kumi hajauona hata kwa dawa.

Je, alimwambia binti yake? Wapi! Alikuwa akitia chumvi tu.

"Umefika wapi, baba?"

"Mbali! Kitamu hicho, acha tu."

Jumapili moja Chiriku akauliza polepole, "Na yule shangazi kipofu, umemwonaje?"

"Ah, yule shangazi! Ananivunja mbavu!"

"Baba," alisema Chiriku, "hakuna shangazi kipofu."

Mzee Chachu alitamani ardhi ipasuke. Chiriku hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Si kitu, baba. Kama hutaki, basi. Nilidhani tutapata la kuongea." Akakata simu.

Kesho yake asubuhi Mzee Chachu alikanda unga kama anapigana nao. Bi Maktaba akafika dirishani. Huyu ni jirani, mkutubi wa maktaba ya ng'ambo ya barabara, na mkate wake wa asubuhi haumpiti.

"Kulikoni leo? Mwenye bekari kanuna," aliuliza.

"Muulize habari za shangazi kipofu!" mke wa Mzee Chachu akadakia, akacheka mpaka akashika ubavu.

"We mwanamke, hebu nisitiri!"

Lakini siri ilikuwa imekwisha toka. Bi Maktaba alisikiliza yote, na hakucheka sana. Akaomba kukiona hicho kibao. Kikatolewa kabatini, kwenye taulo lake.

"Kibao kinalala hivi, kimefunikwa kama mgonjwa?" aliuliza. "Jirani, nikuulize. Chachu yako unailisha unga lini?"

"Kila siku, kidogo kidogo."

"Kwa nini usiilishe Jumapili tu, gunia zima?"

"Itakufa!" Mzee Chachu alijibu kwa hasira kidogo, kama mtu aliyetukaniwa mtoto. Kisha akakitazama kile kibao. "Ala! Ndivyo nilivyokifanya kitabu."

"Ndivyo. Hadithi ukiiacha wiki nzima inakufa kichwani. Isome kidogo kila siku, itakaa hai. Sasa niambie, katika kazi yako, ni wakati gani huwa umekaa tu?"

Mke akajibu kwa niaba yake. "Unga ukiwa unaumuka. Hapo hukaa kwenye kigoda akilitazama beseni, kana kwamba litatoroka."

"Basi wakati wako ndio huo. Unga hauumuki haraka kwa kutazamwa."

Bi Maktaba akagusa kioo mara mbili tatu. Herufi zikakua, zikakua tena. Mzee Chachu akatoa macho. "Kumbe zinakuzwa?"

"Zinakuzwa, na mwanga unaongezwa na kupunguzwa. Usijitese. Na hiki si kama simu. Hakuna ujumbe utakaokuja kukukatiza."

"Na unga huu mikononi?"

"Kitie ndani ya mfuko wa plastiki mwembamba unaoonyesha ndani. Utagusa juu ya mfuko, na kurasa zitafunguka. Ila kiwe mbali na tanuri, joto litakiharibu."

Mzee Chachu alijikuna kichwa. Lilikuwapo jambo moja la kumtia haya. "Bi Maktaba, kusema kweli, kitabu chenyewe kinanichosha. Wajomba wote wale! Lakini mimi nikikanda, lazima nioke. Siwezi kuacha nusu."

"Unga ukiuacha, utaharibika. Kitabu hakiharibiki. Kiweke kando, siku ukikitaka utakikuta. Njoo maktaba mchana, nitakuazimisha vingine humu humu kibaoni, bila malipo. Soma mwanzo wa kila kimoja. Kitakachokufanya ujiulize 'halafu?', hicho ndicho chako."

Mchana alikwenda. Kitabu cha kwanza hakikumgusa. Cha pili kilisimulia habari za fundi saa mmoja. Mwanamke asiyemjua alimletea saa kuukuu atengeneze, wala hakurudi tena. Fundi alipoifungua, akakuta ndani ya saa ufunguo mdogo wa shaba.

"Ufunguo wa nini?" Mzee Chachu aliuliza kwa sauti. Watu wote maktabani wakageuka.

Tangu siku hiyo kibao kilihamia kwenye ndoano kando ya meza ya kukandia, ndani ya mfuko wake. Akishafunika beseni, mkono unakifuata wenyewe. Siku za kwanza alisoma kurasa chache tu. Unga ukiwa tayari, anasimama hata kama hadithi imefika patamu. Hapo hukunja uso, lakini kesho yake huwa na hamu. Wakati mmoja wageni walimjia, akapitwa na siku mbili. Akataka kusoma mara tatu ili afidie. Mkewe akamkatalia. "Nani anakudai? Endelea ulipoishia." Akaendelea.

Unga ukiwa mezani, alimsimulia mkewe. "Ule ufunguo haukufungua sanduku." "Sasa unafungua nini?" "Hata mimi sijui!" Mkewe naye akaanza kumhimiza afunike beseni mapema.

Jumatano moja Mzee Chachu hakungoja Jumapili. Alipiga simu mwenyewe.

"Baba? Kuna nini? Mama mzima?" Chiriku alishtuka.

"Mzima, mwanangu. Nataka kukuomba radhi. Nilikudanganya. Kitabu chako kimenishinda, wajomba ni wengi mno. Nilisoma kurasa za kwanza tu, tena na tena. Nilikuwa naona haya."

"Na sasa, baba?" aliuliza Chiriku.

"Sasa nasoma cha fundi saa. Kila siku, unga ukiumuka. Yule mwanamke aliyeiacha saa, mimi nadhani..." Akasita. "Hapana, sikwambii."

"Baba! Niambie! Mwanamke gani? Kwa nini aliiacha?"

Maswali yakamiminika kama zamani. Mzee Chachu akajibu, na mengine akakataa kuyajibu. Chiriku akasema atakitafuta kitabu hicho usiku huo huo.

Siku chache baadaye simu ililia katikati ya asubuhi, trei zikiwa tanurini. Alikuwa Chiriku, yuko mapumziko kazini.

"Baba, ni jirani yake yule fundi! Jirani ndiye aliyechonga ule ufunguo!"

"Nani? Umefika wapi wewe? Usiniambie!"

"Nimekupita!"

"Umenipita vipi, na mimi ndiye niliyeanza? Tena si jirani. Jirani alikuwa safarini, soma vizuri!"

"Alirudi! Baba, alirudi kwa siri!"

Wakabishana, wakacheka, wakabishana tena. Moshi ulikuwa umeshafika kwenye dari mke wa Mzee Chachu alipopiga ukelele. Trei nzima ilikuwa imeungua, jambo ambalo halijapata kutokea katika bekari ile.

Bi Maktaba aliufuata moshi, akakuta mikate myeusi imepangwa dirishani ipoe. "Jamani! Kumetokea nini?"

Mke wa Mzee Chachu alifuta macho. Si moshi peke yake uliomtoa machozi.

"Baba na mwanawe," alisema. "Walikuwa wanaongea."