Tundu Katika Mashua ya Robanda

Kuku walikuwa wa kwanza kuikataa.

Mvua ya alasiri iliposhuka Nyamisangura, walikimbilia chini ya toroli, chini ya ngazi, chini ya meza ya vyuma. Chini ya mashua, palipokuwa pakavu na papana kuliko pote uani, hakuingia hata mmoja. Jogoo alibaki mvuani, manyoya yamemganda mwilini, akiitazama.

"Kuku wako wamekuzidi akili," Waitara alisema.

Waitara alikuwa mchomeleaji, naye na Maftah waligawana ua huo: mmoja na mageti yake, mwingine na faiba zake. Maftah alitengeneza matangi, bampa, na mapaa ya magari ya watalii. Babu yake alitoka Pangani, na hilo Waitara hakulisahau hata siku moja.

"Mtu wa Pangani asiyejua kuogelea, leo kaleta mashua Tarime. Hapa utavua nini, mura? Migomba?"

"Ziwa liko Shirati. Nikiimaliza nitaipeleka huko."

"Na wewe utabaki ukingoni ukiipungia mkono."

Mashua ilitoka Robanda, kwenye kambi ya watalii iliyofungwa, ambako zamani ilielea bwawani. Msimamizi alimwambia aichukue tu, inajaza uwanja. Ilikuwa imelala kifudifudi katika nyasi, kama kitu kilichofunikwa kusudi. Vijana walisaidia kuipakia. Mlinzi, mzee Nyangwine, hakusogea.

"Shikamoo, mzee," Maftah alimwamkia.

Mzee alikuwa akilitazama tundu lililokuwa kwenye kitako cha mashua, la mviringo, pana kama kidole gumba, kingo zake nyeusi kama zilizochomwa.

"Hilo liache," alisema.

"Mzee, mashua yenye tundu ni ya kazi gani?"

"Liache hivyo hivyo." Akageuka, akaenda zake.

Maftah alilisimulia jambo hilo nyumbani kama kichekesho. Mkewe, Zaitun, hakucheka. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza hazikufika huko, na siku hizi Zaitun hakucheka kitu chochote ambacho mzee amekikataza.

"Si angekwambia sababu?"

"Hana sababu. Ana uzee tu. Mtoto wetu atazaliwa amkute baba yake ana chombo ziwani."

Akaanza kukusanya vifaa, polepole, kwa mapenzi, kama mtu anayeandaa harusi. Grenda aliazima kwa kaka yake, Abdillah, wa Mugumu. Msasa mkali wa kung'oa rangi ya zamani, msasa laini wa kulainisha. Resini, gundi ya kushikisha faiba, katika dumu, na hadina, ile dawa ya kuigandisha, katika chupa ndogo iliyokaa kivulini. Mkeka wa faiba uliokunjwa kama shuka nyeupe. Brashi, asitoni, barakoa, glavu. Kila kimoja alikifuta, akakitundika stoo, akafunga kufuli.

Kisha akaipima mashua kwa mlio. Ndivyo mafundi wa faiba wanavyofanya: unagonga kwa mpini wa bisibisi, unasikiliza. Pazima hujibu kwa mlio mkavu. Palipooza hujibu kwa mlio mzito, kama kifua chenye mafua. Maftah alikuwa na namna yake mwenyewe ya kugonga, mdundo aliouzoea tangu uanafunzi. Ko. Ko-ko. Aligonga hivyo matangi, milango, vikombe. Jioni moja aligonga hivyo, kwa fundo la kidole, juu ya tumbo la Zaitun.

"Ondoa mkono. Huyu si tangi!"

"Napima kama hatavuja."

"Mfyuu," alisema Zaitun, lakini siku hiyo alicheka.

Kosa lilifanyika asubuhi, bila mtu kuona kwamba ni kosa. Tarime kuna baridi, na resini haigandi kama inavyoganda Musoma. Fundi mwenye akili huchanganya kwanza kikombe kimoja cha majaribio. Maftah alichanganya, akasubiri, akaona inashika vizuri. Mabaki ya kikombe yangekuwa jiwe muda si mrefu, na fundi hapendi kutupa. Tundu lilikuwa pale pale, karibu na mkono wake. Akakata kipande cha mkeka, akakisokomeza, akapaka. Likawa tendo la pumzi moja.

Ilipokauka, yeye na Waitara wakaigeuza mashua, ikakaa wima juu ya magogo, mdomo wazi kuelekea mbinguni.

Asubuhi iliyofuata mashua ilikuwa na maji ya kufika kwenye kifundo cha mkono. Usiku ule mvua haikunyesha.

Maftah aliyachota kwa ndoo. Yalikuwa ya baridi, na yalinuka tope la bwawa, majani yaliyooza, kambale aliyefia matopeni. Harufu ile ililala juu ya harufu kali ya resini, ikaishinda. Kufikia adhuhuri maji yalikuwa yamerudi.

"Nani anafanya mchezo?" Maftah alisema kwa sauti, akitazama juu ya ukuta.

Waitara hakutania. "Mura, fungua stoo. Kuna maji chini ya mlango."

Kufuli lilikuwa zima. Ndani, msasa wote ulikuwa umelowa na kushikana kama kurasa za kitabu kilichotumbukia mtoni. Mkeka wa faiba ulichuruzika. Grenda ilining'inia kwenye msumari wake, na kutoka matunduni mwake maji yalidondoka, tone, kisha tone.

Maftah akarudi kwenye mashua kwa hasira ya mtu aliyeharibiwa kazi. Akachukua bisibisi, akagonga ubavuni. Ko. Ko-ko.

Kutoka ndani ya maji yale machache, kutoka chini kabisa, kitu kikajibu. Ko. Ko-ko.

"Ni mwangwi," alisema.

"Mwangwi hausubiri," Waitara alinong'ona. "Huo umesubiri. Umekusikiliza kwanza."

Magharibi hiyo Maftah alikuwa juu ya mkeka wa swala, sebuleni, na Zaitun amekaa nyuma yake, miguu yake iliyovimba ikiwa juu ya mto. Sauti ikaita kutoka uani. Ilikuwa sauti ya Maftah.

"Zaitun, njoo unishikie taa."

Zaitun alitazama mgongo wa mumewe, uliokuwa umeinama mbele yake, kimya, katika sijida.

"Zaitun, mama. Njoo mara moja."

Maftah alipotoa salamu na kugeuka, alimkuta ameng'ang'ania mto kifuani.

"Usiitike," alimwambia kwa mnong'ono. "Hata ikikuita kwa jina la mama yako, usiitike."

"Sikuitika. Lakini Maftah, miguu yangu ilitaka kwenda."

Kesho yake mchana, jua likiwa limesimama kichwani, miguu ilikwenda. Maftah alikuwa ameingia dukani kununua mnyororo wa kulivuta lile dude barabarani, Waitara alikuwa ameinama juu ya geti akiwa na kioo cheusi usoni, na hakuna aliyemwona Zaitun akitoka jikoni, akipita kati ya kuku waliotawanyika kwa kelele, akipanda gogo, akivuka ukingo wa mashua na tumbo lake lile zito, mpaka Maftah aliporudi na kumkuta amelala ndani, chali, kanga imeelea pande zote, nywele zimeelea, maji yamefika kwenye masikio na yanapanda kwenye mashavu, macho yake wazi yakitazama jua bila kupepesa, na mikono yake yote miwili imelikumbatia tumbo kana kwamba analipeleka mahali.

Walimtoa yeye na Waitara. Alikohoa, akatapika maji yenye nyuzi za kijani.

"Kulikuwa na mwanamke," alisema. "Ananitandikia vizuri nilale."

Maftah akatafuta namba ya mzee Nyangwine kwa kila aliyemjua Robanda, na alipoipata akapiga papo hapo.

"Umeliziba," mzee alisema, hata kabla ya salamu.

"Mzee, nisamehe. Mke wangu ni mjamz..."

"Kimya! Nilikuambia nini? Yule wa bwawani alipanda mashua ilipolazwa nchi kavu ikakinga mvua. Mpishi wetu, Verdiana, tulimkuta amezama humo, kwenye maji ambayo hata bata hawezi kuogelea. Mimi ndiye niliyeitoboa kwa chuma cha moto. Ndani ya chombo kinachovuja hakai, hung'ang'ania tu nje akingoja kizibwe."

"Nifanye nini?"

"Toboa pale pale. Lakini sikiliza, fundi unayejua kila kitu. Akitoka anatafuta pa kukaa. Ondoa kwanza uani kila kinachobeba maji. Kila kitu. Usiache hata kifuniko cha soda."

Simu ikakatika. Maftah alipiga tena. Haikupokelewa.

Wakaanza kutoa. Ndoo, madumu, sufuria, birika, beseni la kufulia, tangi la faiba lililosubiri mwenyewe, kikombe cha majaribio, chano cha kuku, matairi, mabuti, hata maganda ya nazi. Vyote wakavibeba hadi ng'ambo ya barabara, majirani wakiwatazama. Kisha Maftah akachomeka drili, na drili ikatapika maji.

"Basi, kama alivyofanya mzee," Waitara alisema. Akatia nondo kwenye mkaa, akapuliza mpaka ncha ikawa nyekundu kama jicho la mlevi.

Maftah aliingia chini ya mashua akitambaa, akisoma Ayatul Kursiy, na juu yake maji yalianza kuchemka bila moto, yakapiga kuta, ko, ko-ko, ko, ko-ko, haraka, haraka zaidi, na sauti yake mwenyewe ikamwita kutoka ndani, Maftah, Maftah, liache, ikabadilika ikawa sauti ya mwanamke asiyemjua, ikawa kilio cha mtoto mchanga, na Waitara akapiga kelele kwa Kikurya akimtaja Mungu na babu zake wote kwa pamoja, na nondo ikaingia kwenye kiraka, ikafoka, ikatoa moshi mweusi wa kuumiza macho, ikatokea upande wa pili.

Ikawa kimya.

Maji yalishuka kwa mkondo mmoja mwembamba, mashua ikakauka. Maftah alitambaa nje, akagusa udongo chini ya tundu. Ulikuwa vumbi.

"Yameenda wapi?" Waitara aliuliza.

"Yameondoka. Inatosha."

Zaitun alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mkono juu ya tumbo, akiwatazama.

Jioni mvua ikanyesha. Kuku wote, na jogoo mbele yao, walikimbilia chini ya mashua, wakajikunyata pakavu, wakatulia. Waitara aliona, akacheka mpaka akakaa chini. "Haya, mtu wa Pangani, umepewa ruhusa!" Maftah naye akacheka, machozi yakamtoka.

Mvua ilipokatika, Zaitun alitoka na bakuli la mahindi, akawarushia.

Hakuja hata mmoja. Walisukumana hadi ukutani, wakapanda migongoni mwa wenzao. Jogoo alibaki mbali, manyoya yamemsimama, akimtazama.

"Wamenisusa," Zaitun alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu sana. "Njoo, baba. Msikilize mwanao. Tangu mchana ametulia."

Maftah alipiga magoti juu ya udongo uliolowa. Aliweka sikio juu ya kanga, nayo kanga ilinuka tope la bwawa. Mikono yake aliiweka mgongoni, vidole amevifunga kwa nguvu, asiguse kitu.

Ko.

Ikasubiri.

Ko-ko, mlio mkavu, safi, wa chombo kizima kisichovuja.