Boriti Isiyoshuka

Siku ya Jumanne, tarehe 11 Agosti 1953, saa nane na robo mchana, fundi Kahigi alimaliza kukata boriti ya kati katika nyumba ya katekista Gosbert, kule Chonyonyo, na boriti haikushuka.

Verdiana, mke wa katekista, alikuwa chini ameshika ngazi. Walitaka kufungua nafasi darini ili kahawa kavu ikae juu, mbali na unyevu na mchwa. Kahigi alikuwa ametangulia kusimamisha miti minne ya mkaratusi, miwili kila upande wa mkato, akaikaza kwa kabari. Boriti ikikatwa, alieleza, ncha zake hulala juu ya nguzo hizo mpaka zipate mti wa kuzipokea. Sasa kipande cha katikati kilikuwa kimetoka, ncha mbili zikatazamana hewani. Kahigi akachomoa kisu, akakipitisha kati ya nguzo na boriti. Kisu kikapita bila kugusa kitu. Akaenda nguzo ya pili, ya tatu, ya nne, na kote kisu kikapita.

Alishuka ngazi polepole, akafuta mikono kwenye suruali.

"Mti ukikatwa hushuka, waitu, hata kwa unene wa kucha," alisema kwa sauti ya chini. "Huu haukushuka. Kuna anayeushika."

Gosbert, aliyekuwa amesimama mlangoni, alicheka. Alisema boriti hiyo ni ya marehemu baba yake, mzee Byarugaba, na mzee huyo naye hakuwahi kuinamia mtu.

Ilikuwa kweli. Boriti hiyo ndiyo iliyokuwa nguzo ya kati ya msonge wa mzee Byarugaba. Kwa desturi yao, mwenye nyumba akifa nguzo ile hung'olewa, hutupwa kwenye kibanja katikati ya migomba, ikaachwa ioze. Hakuna anayeichanja kuni wala kuijengea. Lakini Gosbert wakati ule alikuwa ametoka kwenye mafunzo ya ukatekista, moyo wake ukiwaka, naye akasema mti uliowashinda mchwa miaka arobaini hautupwi kwa sababu ya hofu za kipagani. Akauchonga pande nne, akauweka juu ya sebule yake. Verdiana alikumbuka jinsi tezo ilivyokuwa ikiteleza, kwa sababu mti wote ulikuwa umelowa samli kuukuu.

Kahigi alirudi kwao Nyakatuntu kufuata mbao za kupokea zile ncha, maana wapasuaji walikuwa hawajamaliza kuzipasua. Aliacha neno moja, akalirudia mara tatu: nguzo zisiguswe, wala darini kusiwekwe kitu, mpaka atakaporudi.

Siku ya tatu Gosbert aliziangusha. Wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, walikuwa wanafundishwa pale sebuleni na miti ile ilizuia mabenchi. Boriti haikutikisika. Akapandisha magunia manane ya kahawa, na boriti haikulia hata kidogo. Alimwita mkewe aje ashuhudie, akamwambia kwamba siku hizi mafundi nao wamekuwa waganga.

Jioni ile walipokuwa wanakula, tone likadondoka katika bakuli la maharage.

Lilikuwa zito, la manjano, na lilikuwa na uvuguvugu. Verdiana alidhani ni utomvu. Akalitoa kwa kijiko, na kijiko kikanuka samli iliyochacha na kwapa la mtu aliyelima kutwa. Kesho yake matone yalikuwa mengi. Yalilowanisha meza, yakakauka yakawa utando kama ngozi ya maziwa, na chini ya utando ule akakuta funza weupe, wanene, wanaogeuka taratibu kama watu wasio na haraka. Aliwakwangua kwa jani la mgomba. Alifua mashuka kwa majivu, akayaanika juani, akayatandika, na usiku harufu ikawa imerudi kwenye mto, imeingia hadi kwenye nywele zake. Akitafuna ndizi alihisi utelezi ule mdomoni. Akawa anatapika kabla hajameza.

Siku moja mchana alimkuta binti yao Kemigisha, mtoto wa miaka mitano, amesimama chini ya ile nafasi, amekinga kiganja, anakilamba.

"Kina chumvi, mama," mtoto alisema. "Anatoka jasho."

Verdiana alimsugua mtoto ulimi kwa kitambaa mpaka akalia. Tangu hapo alipikia nje na kulia nje, na kila mume wake alipopita chini ya boriti ile yeye alihesabu hatua zake moyoni mpaka atoke. Hakuogopea nyumba. Nyumba hujengwa tena. Aliogopa kwa sababu alikuwa na mume mmoja.

Jumamosi ya tarehe 22 alifika shangazi yake Gosbert, bibi Kokugonza, kwa miguu kutoka Songambele. Alisimama mlangoni, akaziba pua kwa kanga, akakataa kuingia. Verdiana alimpa shikamoo, akamwekea mkeka chini ya migomba. Pale mkekani yule bibi alieleza kwamba kila mwaka Byarugaba aliipaka nguzo ile samli na kuimwagia lubisi, pombe ya ndizi, ili kumlisha musambwa aliyebeba nyumba. Wanaofanya biashara kule senta wangemwita jini. Mwenye nyumba akifa, nguzo hutupwa ioze ili huyo aliyebeba apumzike. Huyu hakupumzishwa. Aliwekwa juu ya kichwa cha mtoto wa bwana wake, akakatwa mti mkononi, kisha akatwishwa magunia.

"Rudisheni nguzo za fundi kwanza," alisema, akimgeukia Gosbert aliyekuwa amewafuata. "Kisha wewe, mwanangu, umwambie kwa upole atue mzigo."

Gosbert alijibu kwamba yeye haongei na shetani kwa upole. Angemtoa kesho, baada ya ibada, kwa jina la Bwana.

Verdiana alimsihi. Alimwambia: Baba Kemigisha, mtoe, nani amekukataza, lakini simamisha miti kwanza, au mngoje Kahigi, hatakawia kurudi. Gosbert akasema kusimamisha miti ni kumwambia Mungu kwamba humwamini. Wanawake wale wawili walikwenda wenyewe nyuma ya nyumba, wakauburuta mkaratusi mmoja hadi mlangoni, na Gosbert akasimama kizingitini, akaweka mguu juu yake.

Jumapili, saa saba mchana, aliingia na msalaba na chupa ya maji ya baraka. Verdiana alibaki nje, mtoto ubavuni, na kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona mume wake akisimama chini kabisa ya ile nafasi huku matone yakimwangukia kwenye kanzu yake nyeupe na kuteremka mgongoni, na alimsikia akiomba kwa sauti isiyotetemeka, na kadiri alivyoomba ndivyo harufu ilivyozidi kunenepa, ikawa kama kitu cha kushikwa kwa mkono, na nzi wakatoka darini kwa wingu moja wakampita Verdiana usoni, na ndipo Gosbert akainua msalaba, akamwamuru huyo aishikaye nyumba yake aondoke, asirudi tena.

Juu kukasikika mtu akishusha pumzi, kama mbebaji anayetua mtungi baada ya safari ndefu.

Harufu ikakatika. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Verdiana alisikia harufu safi ya kahawa, na alimwona mume wake akigeuka, akimtafuta kwa macho, akianza kutabasamu. Kisha boriti ikashuka, na magunia, na bati, na ukuta wa matofali mabichi nyuma yake.

Sala ilisikiwa. Nguzo ndizo zilizokosekana.

Kahigi alifika jioni ile, mbao zake begani. Alitazama kifusi. Aliomba randa, akazipiga zile mbao, na zilizoletwa kupokea boriti zikatengenezwa jeneza.

Wanaume sita walilibeba kuelekea makaburini, Kahigi akiwa mbele kushoto, Verdiana nyuma yao. Nusu ya njia aliona wale wanaume wakitazamana. Kahigi akainamisha bega kidogo, akapitisha kiganja kati ya bega na jeneza. Kikapita. Akamgeukia Verdiana.

Vumbini, nyuma ya nyayo zao, kulikuwa na matone ya manjano, moja baada ya moja, mpaka ukingoni mwa kaburi.

Pale ukingoni Verdiana akaomba: Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Gosbert, aliyekuamini kuliko alivyoiamini miti. Msamehe kiburi chake kidogo, kumbuka imani yake kubwa. Mlaze mahali pasipo mzigo. Na huyo aliyembeba, Bwana, mwamuru atue nje ya mlango wako, asiingie naye. Amina.