Mawese kwenye Reli

Kila siku alipotoka shuleni, Providence alibadilisha nguo, akanawa mikono, kisha akaingia katika studio ya picha ya Tantine Noella, dada ya baba yake, mtaani Kilibula. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Katika studio nzima hakukuwa na kitu alichokipenda kama mashine ya kukatia karatasi. Ilikuwa ubao mpana wenye reli ya chuma, na juu ya reli kulikuwa na kigari kidogo kilichobeba kisu cha duara. Ukikisukuma kigari, kisu kinazunguka na karatasi inakatika taratibu, imenyooka.

Alasiri moja kigari kilikataa kwenda. Upepo wa ziwani ulikuwa umepuliza mchanga tangu asubuhi, ukaingia mpaka kwenye reli. Tantine alikuwa ametoka kwenda kumpiga picha mtoto mchanga wa jirani. Mezani kulikuwa na kazi ya Bibi Libérate: picha ya zamani ya marehemu mume wake, Mzee Ezéchiel, na nakala yake mpya ya kukatwa kwa kipimo kilekile. Picha ile ya zamani ndiyo peke yake iliyookolewa mafuriko yalipoingia nyumbani kwa bibi. Maji yalikuwa yameiachia madoa pembeni.

Providence alitaka Tantine akirudi akute kazi imekwisha. Alikumbuka kwao Bwegera, baba yake akipaka mawese kwenye mnyororo wa baiskeli ya kubebea mchele, na baiskeli ikienda vizuri. Basi alichukua chupa ya mafuta ya mawese jikoni, akapaka reli, akapaka na kisu. Kigari kiliteleza. Alifurahi sana. Aliiweka picha ya zamani chini ya reli ili achukue kipimo, akaibana kwa reli.

Alipoitoa, mstari wa rangi ya chungwa ulikuwa umelala juu ya ukingo wake mweupe.

Aliufuta kwa kitambaa. Ukapanuka. Akawaza, picha hii ina madoa ya mafuriko tayari, nani atajua? Akaitia ndani ya bahasha.

Kabla hajafunga chupa, Tantine aliingia pamoja na Bibi Libérate, wamekutana njiani.

"Hodi kwa fundi wangu," bibi alisema akikaa. "Mzee wangu amekatwa?"

"Bado, Bibi."

"Usimkate masikio. Hayo ndiyo aliyokuwa nayo makubwa." Tantine alicheka. Bibi naye alicheka, kisha akamgeukia Providence. "Unajua, mjukuu wangu, mimi sura yake inaanza kunipotea. Nikiamka naichukua hiyo picha, naangalia, ndipo inarudi."

Providence aliitazama bahasha. Alitamani bibi aendelee kuongea, asiiombe. Lakini bibi alikwisha kunyoosha mkono.

"Bibi, doa moja si la mafuriko," Providence alisema. "Ni minye, mimi mwenyewe. Nilipaka mashine mawese, yakashika picha. Nilitaka kunyamaza."

Tantine aliivuta picha haraka, akaigeuza chini ya taa. Mafuta yalikuwa yanatembea ndani ya karatasi. Yalikuwa yamebakiza nafasi ndogo tu kufika kwenye bega la mzee.

"Weye, Providence," alisema polepole. "Mawese kwenye mashine yangu?"

"Mumuache," bibi alisema. "Ezéchiel alikula mawese maisha yake yote. Yamemfuata." Kisha akauliza, "Maman Noella, iko dawa?"

"Iko. Tukate ukingo sasa hivi, kabla mafuta hayajafika kwenye sura. Picha itapungua kidogo. Ni yako, sema weye."

Bibi aliitazama picha kwa muda. "Mukate. Ukingo si mume wangu."

"Lakini kwanza tusafishe mashine," Tantine alisema. "Njoo, Providence, ushike mwenyewe."

Walikitoa kigari. Wakapangusa reli kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye spiriti, mpaka kikatoka cheupe. Mawese yalikuwa yameshakusanya mchanga kama uji mzito. Tantine alileta kichupa cha mafuta ya cherehani.

"Haya ni mepesi, hayagandi. Tone moja kwenye reli, ulisambaze kwa kidole, ufute linalozidi. Makali ya kisu hayapakwi, maana ndiyo yanayogusa karatasi. Sasa kata karatasi za kutupa, mpaka itoke moja isiyo na alama."

Providence alikata, akakagua, akakata tena. Karatasi ilipotoka safi, Tantine alimpa picha.

"Minye?"

"Weye. Mimi nitashika ubao."

Alisukuma kigari bila kupumua. Utepe mwembamba wenye doa ulianguka mezani. Mzee Ezéchiel alibaki mzima, na masikio yake yote mawili. Kisha akaikata na nakala kwa kipimo hicho kipya. Bibi Libérate aliipokea picha, akaiweka kifuani.

Tantine Noella alimshika Providence bega. "Kutojua si kosa. Kosa lako ni kwamba hukuuliza, na kesho utauliza. Lakini sikiliza vizuri. Ungenyamaza mpaka asubuhi, mafuta yangemfika mzee usoni, na hapo hata mimi nisingeweza kitu. Ulisema mapema, ndiyo maana tumekata ukingo tu. Ukikosea, sema wakati jambo bado linatengenezeka."