Mgeni wa Ndani ya Tangi

Nilikuwepo. Nalisema mapema ili tusije tukasumbuana mbele ya safari. Shule niliishia darasa la saba, lakini macho yangu yamesoma kuliko ya maprofesa, na kila nitakachoeleza hapa kimepita mbele ya macho hayo.

Ilikuwa Novemba, mwezi ambao jua la Minnesota linatoroka kazini saa kumi na nusu jioni. Mwita, fundi wa kuchomelea vyuma, alitoka Brooklyn Park na pikapu yake na trela ya kuazima, akaenda Maplewood kuchukua gari la bure. Pembeni yake alikaa rafiki yake Mudrick: mtu wa makamo, sura nzuri, jasiri, mwenye ushauri mwingi ambao hakuna aliyeufuata.

Gari lenyewe halikuwa la kwendea dukani. Baada ya vita kuu ya pili, vijana wa Kimarekani walinunua matangi ya mafuta yaliyokuwa yakining'inia chini ya ndege za kivita, yale ya ziada. Wakayakata, wakatia injini na usukani, wakaenda kushindana mwendo kwenye majangwa ya chumvi. Umbo lake kama tone la maji lililolazwa ubavu. Mwita aliwahi kuona picha moja tu, na tangu hapo hakuwa na raha.

Nyumbani alimwacha mkewe Tumpe na kichanga wao, Careen, wa siku kumi na tisa. Arobaini ilikuwa bado. Mgeni asiyejulikana haingii nyumba ile, hata awe amebeba nepi.

"Usichelewe, Baba Careen," Tumpe alimwambia. "Na usiniletee watu."

"Naleta bati tu," Mwita akajibu.

Mwenye gari alikuwa mjane wa Kizungu, Bibi Dinah. Aliwafungulia gereji, akabaki nje. Hakuvuka kizingiti.

Mwita akaanza kuhesabu asivyovipenda. Gari limegeuziwa ukuta, kama mtoto aliyeadhibiwa. Magurudumu yote manne yamefungwa minyororo sakafuni.

"Injini iko wapi?"

"Mume wangu aliitoa zamani," alisema bibi. "Mwaka wa sabini na moja."

Mwita na Mudrick wakatazamana. Nani anafunga minyororo gari lisilo na injini?

"Na kwa nini unaligawa bure?"

"Nahamia kwa binti yangu. Kuna wajukuu." Bibi akashusha sauti. "Likigonga, ulizeni 'nani?' Basi. Huwa halina jibu. Linanyamaza."

Mudrick akacheka, akahamia Kiswahili. "Bibi wa watu kazeeka. Kaza kamba, Mkurya, tuondoke. Au umeogopa debe?"

Mwita hakucheka. Alipitisha kiganja kwenye ubavu wa tangi. Lilikuwa na mabonyeo mengi, tena ya ukubwa wa ngumi. Lakini fundi wa bati anajua bati. Mabonyeo yale hayakuingia ndani.

Yalitokeza nje.

Alitaka kuliacha, Mungu ni shahidi. Lakini mtu akishaota kitu miaka sita, haachi kwa sababu ya mabonyeo. Wakafungua minyororo, wakalivuta kwa winchi, wakalifunika turubai, wakaondoka.

Saa kumi na moja na nusu walisimama kituo cha mafuta. Giza limeshaingia, theluji nyepesi inaanguka. Mudrick alikwenda ndani kutafuta kahawa. Mwita akainama nyuma ya trela kukaza kamba. Mikono inauma kwa baridi, akili iko kwa mtoto.

Ko. Ko. Ko.

Polepole. Kwa adabu kabisa. Kama mgeni mlangoni.

Na hapa ndipo sisi watu wa kwetu Afrika tunapoponzwa na malezi. Mzungu akigongewa, anauliza ni nani. Sisi mdomo umefundishwa kabla ya akili.

"Karibu!" alisema Mwita.

Akaufunika mdomo kwa kiganja. Neno lilishatoka.

Turubai likashuka taratibu... kama vile kilichokuwa kinaliinua kutoka chini kimeshuka. Ikaja harufu. Petroli iliyochacha, chuma cha moto, chumvi. Katikati ya theluji, chumvi!

Mudrick alirudi na vikombe viwili, wakaingia kwenye pikapu. Mwita akawasha gari.

Ting. Ting. Ting.

Taa ndogo ikawaka kwenye dashibodi: abiria wa kiti cha nyuma hajafunga mkanda.

Wakageuka. Kiti kitupu.

"Sensa ya mkanda imekufa kwa baridi," alisema Mudrick. Akanyoosha mkono nyuma, akavuta mkanda, akaufunga juu ya hewa ili kelele iishe. Kelele ikaisha.

Mkanda ukajivuta wenyewe. Ukakaza... ukasimama. Haukulala kwenye kiti. Ulibaki umetuna, saizi ya kifua cha mtu.

Hakuna aliyeigusa kahawa.

"Umefanya nini huko nyuma?" Mudrick alinong'ona.

"Nimesema karibu."

"Ulimkaribisha wapi?"

Mtu akisema karibu, anakaribisha kwake. Na kwake kuna kichanga.

Wakiwa barabara ya 694 mshale wa mwendo ukaanza kupanda. Maili sitini kwa saa. Sabini na tano. Mwita aliondoa mguu, akakanyaga breki. Tisini. Trela ndiyo ilikuwa inatusukuma, samahani, inawasukuma. Gari lisilo na injini lilikuwa linakimbia, na pikapu imetangulizwa mbele kama toroli.

Mwita akapiga simu kwa sauti ya chini.

"Mama Careen, nisikilize. Kuna mtu atagonga. Usifungue. Usiseme neno."

"Mtu gani? Mwita, umelewa?"

"Akigonga mara tatu bila kujibiwa ataondoka. Ndivyo mgeni anavyofanya. Hata ukisikia sauti yangu, usijibu. Usiseme lile neno, mke wangu. Litakutoka lenyewe, unajijua!"

Tumpe akauliza, polepole, "Baba Careen... nyuma yako nani anapumua?"

Simu ikakatika.

Kwenye njia ya kutokea Brooklyn Park mwendo ulishuka wenyewe. Pikapu ikaegesha mbele ya jengo lao, sawasawa katikati ya mistari.

Mkanda wa nyuma ukafunguka. Klik.

Mlango ukafunguka. Baridi ikaingia, harufu ya chumvi ikatoka. Kwenye theluji ukajichora mstari mmoja, mwembamba, wa gurudumu. Ukaelekea mlangoni. Nyayo hakuna.

Mwita alitaka kukimbia, Mudrick akamkamata koti. "Ukiingia naye ndiyo umemwingiza!"

Ya huko juu nyumbani kwao, ghorofa ya tatu, tulielezwa na Tumpe mwenyewe. Alikaa sakafuni, mtoto kifuani, pindo la kanga amelitia mdomoni na kuling'ata.

Ko. Ko. Ko.

Neno likapanda kooni. Akang'ata.

Ko. Ko. Ko.

Mtoto aliyekuwa analia akanyamaza. Akageuza shingo, kichanga wa siku kumi na tisa, akautazama mlango.

Mara ya tatu ikaja sauti ya Mwita. "Mama Careen. Nafa na baridi, mke wangu."

Tumpe aling'ata mpaka kanga ikatoboka. Machozi yanamtiririka. Hakusema.

Hapakugongwa tena.

Mwita alipopanda hakugonga. Aliingiza ufunguo wake, akawakuta wazima. Akakaa chini akalia.

Kesho yake alimpigia Bibi Dinah. Bibi hakumuuliza habari ya gari. Aliuliza hivi tu: "Limekwenda kukaa na nani?"

Maana Mudrick aliishi jengo la pili. Jioni ile ile ya safari alirudi kwake, jasiri vilevile, akabandika chai. Pakagongwa. Alidhani ni Mwita amemletea simu aliyoisahau kwenye pikapu. Mdomo umefundishwa kabla ya akili.

Tangi liko nyuma ya karakana moja Maple Grove, limegeuziwa ukuta. Bati lake limetulia. Halina mtu.

Sasa niseme ukweli, maana niliahidi macho. Ukiacha ya kituoni na ya Tumpe, niliyoelezwa, yote niliyaona; jambo moja tu nimelitunga: jina la Mudrick. Hakuna mtu anayeitwa hivyo. Aliyekaa kiti cha abiria ni mimi. Niliona aibu kuandika kwamba ni mimi niliyesema karibu mlangoni kwangu jioni ile.

Naendesha kwenda kazini peke yangu, mkanda wa nyuma umefungwa.

Nilipoandika hiyo aya ya juu, pakagongwa mezani, upande wa pili. Mara tatu. Nikakumbuka maneno ya Bibi Dinah.

"Nani?" nikauliza.

Alisema huwa halina jibu.

"Mudrick," likajibu, kwa sauti yangu.